Mwewe Juu ya Lugendelo

Lori lilikuwa na namba za jeshi, turubai la jeshi, na nyuma yake wamekaa vijana sita waliovaa kombati za jeshi.

Lakini halikuwa la jeshi.

Tumpe Mwakyambile alilijua hilo hata kabla halijatoka Iyunga. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya bati la ghala la mahindi, ng'ambo ya barabara kuu, darubini ya Nikon machoni, spika ndogo ya kunasia redio imezama sikioni. Baridi ya asubuhi ya Mbeya ilikuwa imemkausha vidole. Chini yake, uani kwenye gereji moja iliyozungushiwa ukuta, mzungu mrefu mwenye koti la bluu alikuwa akipakia sanduku jeusi ndani ya Land Cruiser. Tumpe alimpiga picha. Akampiga ya pili alipogeuza uso.

Idara ya ujasusi ilikuwa imemtuma Mbeya kwa kazi iliyo rahisi kutamka: kuna bunduki zimeingia kupitia Tunduma, tafuta zilipo. Ona, sikia, usiguse.

Aliona. Kisha akasikia.

"Makuruta, ndondo zimeiva?" sauti nzito ya mwanamume iliuliza redioni.

"Zimeiva, afande!"

"Kesho gwaride ni kwa chifu. Chai saa nne asubuhi. Atakayemwaga chai kabla sijasema, nitampa doso mpaka asahau jina la mama yake."

Wakacheka.

Tumpe hakucheka. Alisukuma spika ndani zaidi ya sikio.

Raia yeyote angeyasikia maneno yale angedhani askari wanazungumzia maharage na kifungua kinywa. Doso, sawa, kila aliyepita jeshini anaijua, ni adhabu ya kuruka kichura na kubingirika kwenye matope huku afande anakuimbia. Lakini kuziita risasi ndondo, na kuliita shambulio chai, hayo hayakuwa maneno ya jeshi zima. Yalikuwa maneno ya kombania moja tu. Na aliyeyabuni alikuwa mtu mmoja tu.

Sajini Sedekia.

Ndiye aliyemfundisha Tumpe kushika bunduki, zamani, Tumpe alipokuwa askari wa mawasiliano na bado hajahamishiwa Idarani. Sedekia alikuwa na lugha yake mwenyewe. Kila kitu alikibatiza jina, na makuruta walilipokea jina lile kama wali wa sikukuu. Baadaye akakamatwa akiuza mafuta ya jeshi. Akavuliwa cheo, akafukuzwa, akapotea kama moshi.

Sasa alikuwa Iyunga, na alikuwa na makuruta wapya.

Na kwa chifu? Sedekia hakuwa na chifu mwingine. Kila walipokwenda zoezi Iringa, hivyo ndivyo alivyoiita Kalenga, kwa Mkwawa.

Lori liliunguruma, likatoka getini.

Tumpe aliteremka kwa bomba la maji ya mvua, akarukia pikipiki yake, Honda XR, akaipiga teke. Ikaitika mara moja.

"Kware kwa Mlima," aliita kwa jina lake la kazini.

"Mlima anakusikia." Ilikuwa sauti ya Liberatus, mkuu wake wa operesheni, kutoka Dar es Salaam.

"Bunduki ziko barabarani. Lori la kijani, namba bandia za jeshi. Linaelekea Uyole. Nalifuata."

"Kwa mbali, Kware."

"Kwa mbali, Mkuu."

Barabara ilikuwa imeshaamka. Bajaji, malori ya Zambia, wanawake wenye ndoo za maparachichi vichwani. Tumpe alipenya kati yao kama sindano. Kwenye kizuizi cha Uyole alimwona askari wa usalama barabarani akiliinulia lori mkono lisimame. Kijana mmoja akatoa kichwa kwenye turubai.

"Vipi, afande! Tunawahi rolikoo, RSM atatunyoa bila maji!"

Askari aliyasikia ya kambini, hesabu ya majina na sajini mkuu mkali, akacheka, akapiga saluti, akalipisha.

Tumpe aliuma meno. Kumbe ndiyo kazi Sedekia aliyokuwa amewafanyia. Kombati mtu unaweza kuishona kwa fundi. Namba za gari unaweza kuzipaka rangi. Ila ulimi wa kijeshi haununuliwi dukani, na ulimi ndio uliokuwa unawafungulia vizuizi.

Walipoanza miteremko ya Inyala, lori lilifunga breki ghafla.

Pfut! Pfut!

Bastola yenye kiwambo cha sauti. Kioo cha pembeni cha Honda kilipasuka. Tumpe alilaza pikipiki upande wa kushoto, ikachupa mtaro, ikamtupa katikati ya matuta ya viazi.

Alisikia lori likiondoka. Lilikuwa limemaliza kazi yake, halikuwa na haraka.

"Pole, dada!" mama mmoja alimkimbilia, jembe mkononi. "Umevunjika?"

"Asante, mama. Samahani kwa viazi."

Bega lilikuwa likiwaka moto, lakini mkono uliinuka. Ulitosha. Aliinyanyua pikipiki, akatoa simu ya satelaiti, Thuraya nyeusi isiyo na jina, akapiga.

"Wamenigundua, Mkuu. Nimepona. Lifungie njia Igawa."

"Nimewauliza wakubwa wa jeshi kule Ngome," alisema Liberatus. "Hawana lori lolote kwenye barabara hiyo. Lakini hawakubali polisi wasimamishe gari lenye namba zao bila amri ya maandishi. Amri inapita ofisi tatu."

"Mpaka ipite, watu watakuwa wamekufa."

"Watu gani?"

"Kijiji cha Lugendelo, mbele kidogo ya Kalenga. Kesho saa nne wana mkutano wa kijiji. Kampuni ya Brandvale inataka ardhi yao, wao hawataki. Imeandikwa kwenye magazeti wiki nzima. Mzungu niliyekutumia picha yake, gari lake lina nembo ya Brandvale imefunikwa kwa karatasi, lakini inasomeka." Tumpe alivuta pumzi. "Mkuu, vijana wenye kombati za jeshi letu watapiga risasi kwenye mkutano wa wananchi. Picha zitaenea dunia nzima kabla ya jioni. Nani atasema si jeshi? Watu watakimbia, nchi itawaka, na ardhi itabaki bila mwenyewe."

Liberatus aliguna.

"Yote hayo umeyatoa kwenye maneno matatu ya kihuni?"

"Nimeyatoa kwenye maneno matatu ya Sedekia. Huyo alinifundisha lugha, Mkuu. Anaposema chai, hakuna atakayekunywa."

"Huna ushahidi wa kunitosha mezani. Rudi Mbeya. Hiyo ni amri."

"Mkuu? Mkuu, mtandao unakata..."

"Simu ya satelaiti haikati, Tumpe, usinifanyie..."

Akakata simu.

Akavaa helmeti, akaelekeza gurudumu Iringa.

Lori alilitafuta kwa macho njia nzima, hakuliona. Baada ya Makambako watu walimwambia wameliona. Mafinga hakuna aliyeliona. Lilikuwa limeingia kwenye misitu ya misonobari ya Sao Hill, na mtu akitaka kuficha kitu mle, hata mwenye msitu hakioni.

Basi atawasubiri wanakokwenda.

Mchana ulikuwa umekwisha kugeuka alipopanda kilima cha Ipogolo na kuingia Iringa mjini. Aliegesha mbele ya duka la vyombo vya umeme, karibu na soko. Juu ya mlango kibao kilisomeka *Bhavin na Binti*. Bhavin mwenyewe alijua binti yake anatengeneza redio na simu. Asichokijua ni za nani.

"Kamwene, dada Tumpe," alisema Jinal bila kuinua macho kwenye kompyuta. "Unachechemea."

"Kamwene. Nimeanguka kwenye viazi."

"Afadhali viazi. Njoo uone." Jinal, mzaliwa wa Iringa, mtaalamu kijana kuliko wote wa Idara, aligeuza kioo. "Mzungu wako wa kwenye picha anaitwa Desmond Harrow. Kwenye tovuti ya kampuni ni mshauri wa usalama. Amewahi kushauri nchi mbili nyingine. Kote alikoshauri, watu waliuawa kwenye mikutano na wauaji walivaa sare za jeshi la nchi hiyo. Na sanduku lile jeusi ni la droni. Anataka picha zake ziwe safi."

"Unaweza kuiangusha?"

"Kuiangusha ni kazi ya mawe. Mimi nitaichukua."

Akainama chini ya kaunta, akatoa hotpoti kubwa la maua mekundu, la kubebea chakula msibani au harusini.

"Juu kuna wali, kwa mtu atakayechungulia," alisema. "Chini ya wali kuna mtambo. Zungusha mkono wa hotpoti wa kushoto: redio zao zote zinakuwa bubu. Na droni inaanza kunisikiliza mimi."

"Wali wa kweli?"

"Pilau. Mama amepika."

Thuraya ilitikisika mfukoni. Tumpe aliitazama kidogo kabla ya kuipokea.

"Habari za Harrow zimenifikia kutoka kwa Jinal," Liberatus alisema, sauti imepoa. "Nimegonga milango ya watu nisiyopaswa kuigonga. Nimepata vijana sita wa kikosi maalumu, makomandoo, wanakuja kiraia. Kiongozi wao Shedrack. Si zaidi ya hapo. Na ukiwa umekosea, Tumpe, mimi na wewe tutauza vitumbua."

"Mimi vitumbua naviweza, Mkuu. Wewe utaniletea maji."

Akasikia mkuu wake akicheka kwa mara ya kwanza mwaka ule.

Jua lilikuwa bado liko juu ya vilima alipofika Lugendelo. Alimkuta mwenyekiti wa kijiji akipura maharage uani kwake, gauni amelifunga kiunoni. Matilda Kihwele alikuwa mwanamke mnene, mwenye nywele zilizoanza kuwa mvi na macho yasiyopepesa. Alisikiliza habari yote bila kumkatiza. Alipomaliza kusikiliza, aliendelea kupura.

"Ahirisha mkutano, mama mwenyekiti," Tumpe alimsihi.

"Nikiuahirisha kesho, hao watu wako watalala njaa?"

"Watakuja siku nyingine."

"Enhe. Siku ambayo wewe hupo." Matilda aliweka mti wa kupuria chini. "Mwanangu, unajua uko wapi hapa? Hapo Kalenga palikuwa na ngome. Wajerumani waliipiga mizinga. Mizinga, si haya mabomba ya kuazima. Watu walikaa ndani wakapigana. Walishindwa, ndiyo, lakini hakuna anayesema walikimbia. Leo nije kuandikwa mimi kwamba nilikimbia vijana waliovaa nguo za kushonewa?"

"Kuna watoto, mama. Kuna wazee."

"Watoto na wazee watakwenda kanisani mapema, mchungaji atawafundisha nyimbo. Wengine nitapita kwao nyumba kwa nyumba niwaambie ukweli. Anayetaka kukaa nyumbani, akae. Anayetaka kuja, aje akijua." Akamtazama Tumpe juu hadi chini. "Ila wewe hukuja mpaka hapa kuniomba nikimbie. Una kitu. Kiseme."

Tumpe akaketi juu ya kinu kilichogeuzwa.

"Ulipita JKT, mama?"

"Mafinga. Miaka ile ya lazima. Nilibeba magogo mpaka mabega yakaota sugu."

"Hapa kijijini wangapi wamepita jeshini, au JKT, au mgambo?"

"Karibu kila nyumba ina mtu. Mgambo wetu ndio walinzi wa shamba la kijiji."

"Afande akiita *mwewe*?"

Uso wa Matilda ulibadilika. Miaka mingi ilimtoka kwa mara moja.

"Unalala," alisema. "Hapo hapo ulipo. Tumbo chini, uso kwenye udongo. Hata kama mbele yako kuna tope la nguruwe. Mimi mwaka wa kwanza nilipotoka Mafinga, mtoto wa dada yangu alipiga kelele mwewe anachukua kifaranga. Nililala na sufuria la uji mkononi."

Neno lile halikuwa la Sedekia. Lilikuwa la zamani kuliko yeye, la kila depo, kila kambi ya mafunzo. Mwewe ni ndege ya adui. Afande haliiti mara moja ukalijua. Anakuitia ukiwa unakula, ukiwa unaoga, ukiwa umesinzia lindoni, mpaka linatoka kichwani linahamia kwenye magoti.

"Vijana sita wa serikali watakaa katikati yenu, wamejifunika blanketi," Tumpe alieleza. "Hawawezi kupiga mtu huku ninyi mmesimama. Nikiita mwewe, mnalala wote. Wale watabaki wamesimama peke yao, kama mahindi ya mbegu."

"Na kama huyo Sedekia amewafundisha mwewe?"

"Basi watalala nao. Na aliyelala uso kwenye udongo hapigi risasi."

Matilda alicheka mpaka akajishika ubavu. Halafu akakung'uta gauni, akaita kuku wake, akatoka kwenda kupita nyumba kwa nyumba.

Asubuhi ya Jumamosi ilikuja na jua kali na anga tupu.

Uwanja wa shule ulijaa. Tumpe alikuwa ametarajia watu wachache wenye mioyo migumu. Waliokuja walikuwa kijiji kizima kasoro watoto na wazee, na hata wazee wengine walikuwa wamegoma kwenda kanisani. Waliketi kwenye madawati na kwenye nyasi, blanketi mabegani kwa ajili ya baridi iliyokuwa haijaisha, nyuso zimekazwa. Hakuna aliyekuwa akipiga soga. Wote walijua.

Tumpe aliketi kati ya akina mama, kitenge kiunoni, kilemba kichwani, hotpoti mapajani. Chini ya kitenge, Glock 19.

"Kware," Jinal alinong'ona sikioni mwake kutoka mjini. "Droni imepaa. Iko juu yenu."

Aliisikia. Mlio mwembamba, kama nyuki ndani ya chupa.

Kisha lori.

Lilikuja kwa kasi, likageuka, likasimama ubavu. Vijana sita wakaruka chini, SMG mikononi, wakajipanga mstari. Kwa mbali ungewapigia saluti. Kwa karibu, Tumpe aliona mmoja amefunga mkanda wa buti nje kama kamba ya mbuzi.

Mlango wa mbele ukafunguliwa, akashuka Sedekia. Alikuwa amenenepa, lakini mwendo ulikuwa uleule, wa mtu anayeimiliki ardhi anayoikanyaga. Alishika kipaza sauti cha mkononi.

"Mkutano huu ni haramu!" alinguruma. "Tawanyikeni!"

Hakuna aliyeinuka.

Matilda peke yake alisimama, mbele ya wote. "Haramu kwa sheria ipi, afande? Taarifa yetu imefika kata, imefika wilaya. Hiyo amri yako imetoka wapi?"

"Mama, kaa kimya."

"Nyumbani kwangu nikae kimya? Kwanza tuambie kikosi chako. Tunawapenda askari wetu, tunawajua. Wewe ni wa wapi?"

Watu wakaguna. Sedekia akapeleka mkono kwenye redio begani. Midomo yake ilikuwa inatengeneza neno *chai*.

Tumpe alizungusha mkono wa hotpoti.

Redio ya Sedekia ikatoa mkoromo, ikafa. Aliigonga. Ikabaki bubu. Akawageukia vijana wake, akafungua kinywa awape amri kwa sauti.

Tumpe alikuwa ameshapanda juu ya dawati. Alivuta pumzi mpaka bega bovu likalia.

"MWEWEEEE!"

Uwanja ulianguka.

Hakuna namna nyingine ya kusema. Mgambo, wakulima, mwalimu mkuu, mama muuza nyanya, babu mwenye fimbo, wote walikwenda chini kwa kishindo kimoja, na wale ambao hawakuwahi kuvaa kombati maishani walivutwa na waliowahi. Vumbi likapanda.

Vijana sita wenye bunduki wakatazama juu.

Wote. Walitazama angani, mikono wamekinga macho, kama watu wanaotafuta mwezi wa Idi. Mmoja akanyoosha kidole.

"Si ile ya bosi?"

Hilo ndilo lililokuwa neno lake la mwisho akiwa na silaha. Blanketi sita zilifunguka. Shedrack na wenzake walikuwa wamepiga goti, na mbele yao hapakuwa na kichwa cha mwananchi hata kimoja.

Pa! Pa-pa!

Wawili walianguka wakishika mapaja. Wa tatu alifyatua ovyo, risasi zikatoboa bati la darasa, kisha naye akakaa chini ghafla kama mtu aliyechoka. Waliobaki walizitupa SMG mbali kana kwamba zimewaunguza.

"Mikono kichwani! Lala! Lala!"

Safari hii walilala.

Tumpe alikuwa akimtafuta Sedekia. Hakumwona amesimama. Hakumwona anakimbia. Alimwona chini.

Sedekia alikuwa amelala tumbo chini, uso kwenye udongo, viwiko vimebanwa ubavuni, kwa usahihi ule ule aliowafundisha wengine. Askari wa kweli alikuwa mmoja tu katika genge lile, na mwili wake ulikuwa umemtii Tumpe kabla akili haijaamka.

Aliinua kichwa. Macho yao yakakutana.

Kisha akabingirika chini ya lori, akatokea upande wa pili, akatimua mbio kuelekea mtoni.

Tumpe akamfuata. Akakata shamba la alizeti, akaruka mfereji, kilemba kikabaki kwenye mti. Sedekia alikuwa na uzito, lakini alikuwa na mapafu ya zamani. Alifika ukingoni mwa Ruaha Mdogo. Maji yalikuwa mengi, na mbele palikuwa na jabali. Akageuka, bastola mkononi.

Ya Tumpe ilikuwa imeshainuka.

"Kuruta," Sedekia alisema, akihema. "Nilipoisikia ile sauti, nilijua. Nilikufundisha vizuri."

"Ulinifundisha vizuri, afande. Ndiyo maana niko hapa."

"Basi nipishe. Kwa heshima ya siku zile."

"Siku zile uliniambia kombati ni ngozi ya pili. Leo umewavisha wahuni."

"Jeshi lilinitupa!" alifoka, mate yakimtoka. "Nimelitumikia ujana wangu wote, likanitupa kama ganda la ndizi."

"Jeshi lilikufukuza kwa mafuta uliyoiba. Hao akina mama walioko uwanjani walikuibia nini?"

Sedekia alijibu kwa bastola. Aliiinua. Tumpe aliona bega lake likishuka kidogo, kama alivyoshusha siku zote kabla ya kufyatua, na yeye akafyatua kwanza.

Bastola ya Sedekia iliruka ikazama mtoni. Alipiga magoti, mkono ameukumbatia, damu ikichuruzika kwenye mikunjo ya kombati.

Tumpe alimfunga jeraha kwa kitambaa, kisha akamtia pingu.

"Kwa nini hukuwafundisha mwewe?" aliuliza, akimwinua.

Sedekia alitazama maji. Ule mwendo wa kumiliki ardhi ulikuwa umemwisha.

"Sikuona haja," alisema polepole. "Niliwafundisha kuongea kama askari, watu wawaogope. Hawakuja kupigwa. Walikuja kupiga."

Shedrack alikuwa amefika. Tumpe akamkabidhi mfungwa wake bila neno jingine.

"Kware, mzigo umebaki mmoja," Jinal alisema sikioni. "Droni yake niko nayo. Unataka niivunje?"

"Iambie irudi kwa aliyeirusha."

Jinal akaguna. Halafu kicheko. "Dada, wewe mbaya. Inarudi. Ifuate."

Honda ilikuwa imefichwa nyuma ya choo cha shule. Tumpe akaikwea, macho juu. Mdudu yule mweusi alipita mtende mmoja wa mapambo wa mwalimu, akavuka mashamba, akakata juu ya kilima chenye miti ya miombo. Tumpe alimfuata kwa njia za ng'ombe, gia ya pili, gia ya tatu, mawe yakiruka.

Land Cruiser ilikuwa imeegeshwa kivulini. Desmond Harrow alikuwa amesimama kando yake, koti la bluu, kikombe cha kahawa kwenye boneti, akigonga kioo cha tableti kilichokuwa kinamwonyesha uso wake mwenyewe. Droni ikatua mbele ya miguu yake kwa adabu.

Alipoinua macho, alikuta mdomo wa Glock.

"Habari za asubuhi, bwana mshauri."

Harrow aliishusha tableti. Aliongea Kiswahili kilichonyooka, cha darasani.

"Unafanya kosa kubwa. Mimi nina mawakili katika miji mitatu. Nitakuwa nje kabla hujaandika ripoti."

"Inawezekana. Geuka."

"Na wale watu wako, hawajui thamani ya wanachokikalia. Kampuni itapata ardhi ile. Leo au mwaka ujao."

"Geuka, nimesema."

Pingu zikalia. Tumpe alimtia kwenye Land Cruiser yake mwenyewe, akakaa usukani. Hakuelekea mjini. Aliteremka kilima kurudi Lugendelo.

Alidhani atakuta uwanja mtupu, watu wamekwenda kulia majumbani. Majeruhi walikuwa wameshaondolewa, lori linalindwa na makomandoo wawili. Lakini madawati yaliyopinduka yalikuwa yameinuliwa. Watu walikuwa wamekaa tena, udongo mashavuni, udongo kwenye magauni ya Jumamosi. Watoto walikuwa wametoka kanisani, wamejazana kwenye madirisha ya darasa. Matilda alikuwa mbele, mkono mmoja umekwaruzika, anakung'uta vumbi magotini.

"Tulifika wapi?" aliwauliza. "Enhe. Ajenda ya pili. Ardhi."

Tumpe alimshusha Harrow, akamsimamisha pembeni ambapo ataona vizuri.

"Wanaokubali kampuni ichukue ardhi ya kijiji," Matilda aliita, "wanyooshe mkono."

Upepo ukapita kwenye nyasi.

"Wanaokataa."

Mikono ikapanda. Mikono ya majembe, mikono ya chaki, mkono wa babu uliokuwa umeshika fimbo ukapanda pamoja na fimbo. Kwenye madirisha, watoto nao wakanyoosha, ingawa hawakuruhusiwa, na hakuna aliyewakataza.

"Mtajuta!" Harrow alipaza sauti, shingo imekuwa nyekundu. "Mnanisikia? Ninyi watu mtajuta!"

Uwanja mzima ukageuka kumtazama. Matilda naye akamtazama, kwa utulivu, kama anavyomtazama mtu yeyote anayevuruga kikao.

"Bwana," alisema, "umesema bila kunyoosha mkono. Kaa chini."

Shedrack akamkalisha chini kwenye nyasi.

Kicheko kilianzia kwa akina mama, kikapita kwa mgambo, kikautikisa uwanja. Katikati ya kicheko hicho Tumpe alirusha funguo za Land Cruiser, Shedrack akazidaka. Kisha Tumpe akaliokota hotpoti lake chini ya dawati, akaufungua mfuniko, akachota pilau kwa vidole, akaonja. Ilikuwa ya jana, lakini bado ilikuwa na uvuguvugu.

Alilitia hotpoti kwapani, akatembea kuelekea barabara ya kilimani alikoiacha Honda, bila kugeuka nyuma.